Mafumbo ya Vipande Yanavyowafunza Watoto wa Australia Utamaduni wa Waaborijini na Wanyamapori

Na Mwandishi Wetu

Kipande cheusi huwekwa juu, kipande chekundu chini, na duara la njano katikati. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuumaliza mchezo huo wa vipande vitatu vya mbao kwa dakika chache, kisha akavimwaga vipande na kuanza upya. Alichokiunganisha ni bendera ya Waaborijini wa Australia, iliyobuniwa na msanii Harold Thomas na kupandishwa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Julai, 1971, katika viwanja vya Victoria Square mjini Adelaide. Rangi nyeusi inawakilisha watu, nyekundu inawakilisha ardhi, na njano inawakilisha jua lenye kutoa uhai.

Mchezo wa namna hiyo, ambao katika makala haya unaitwa fumbo la vipande, ni picha iliyochorwa au kubandikwa juu ya ubao au karatasi ngumu, kisha ikakatwa vipande ili mtoto aiunganishe upya. Katika vituo vya malezi na shule za awali nchini Australia, mafumbo yenye picha za kangaruu, emu, kenge, kasa, bendera na ramani ni miongoni mwa zana zinazotumika kuwafahamisha watoto wadogo utamaduni wa Waaborijini na wa Wenyeji wa Visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, pamoja na wanyamapori wa bara hilo.

Makala haya yanaeleza kwa nini zana ndogo kiasi hicho imepewa nafasi katika malezi, inafundisha nini hasa, na ni masharti gani yanayopaswa kuzingatiwa na mwalimu, mzazi na mtengenezaji. Jambo la msingi ni kwamba fumbo hufundisha utamaduni pale tu kila picha inapokuwa na jina, mahali ilipotoka, na wenyewe walioridhia itumike. Likikosa hayo, mtoto hujifunza maumbo na rangi, lakini hujifunza pia kwamba utamaduni wa watu ni pambo lisilo na mwenyewe.

CHIMBUKO LA MAFUMBO YA VIPANDE

Mafumbo ya vipande yalianza kama zana ya kufundishia. Katika miaka ya 1760, mchongaji ramani wa jijini London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya mbao nyembamba na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuunganisha nchi moja na nyingine. Picha za maua, majumba na wanyama zilikuja baadaye, na mchezo ukaenea duniani kote.

Manufaa ya mchezo huu kwa akili ya mtoto yamechunguzwa kitaalamu. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, wakiongozwa na Susan Levine, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 53 waliofuatiliwa majumbani mwao walipokuwa na umri wa kati ya miezi 26 na 46. Watoto hao walipofikisha miezi 54 walipimwa uwezo wa kutambua namna umbo linavyobadilika linapogeuzwa au kusogezwa. Wale waliowahi kuonekana wakicheza na mafumbo ya vipande walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo ulionesha uhusiano kati ya mambo mawili na haukuthibitisha kwamba mafumbo pekee ndiyo yaliyoleta tofauti hiyo.

Yeyote aliyewahi kukaa na mtoto mbele ya fumbo anafahamu kuwa mchezo huo huambatana na mazungumzo. Mtu mzima huuliza, "Mkia uko wapi? Kipande hiki kikigeuzwa kitaingia? Mnyama huyu anaishi wapi?" Mtoto hutulia na kutazama sehemu moja ya picha kwa muda mrefu kuliko anavyoitazama picha ya ukutani. Ni katika muda huo ambapo maarifa ya utamaduni huweza kuingia, ikiwa mtu mzima aliyeketi naye ana la kusema.

SERA NA MALENGO YA TAIFA

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Australia ya mwaka 2021, watu 812,728, sawa na asilimia 3.2 ya waliohesabiwa, walijitambulisha kuwa Waaborijini, Wenyeji wa Visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, au wenye asili ya pande zote mbili. Sensa hiyohiyo ilionesha kuwa watu 76,978 hutumia lugha ya wenyeji asilia nyumbani, na lugha zilizotajwa zilikuwa 167. Walowezi kutoka Uingereza walipoanza kuingia mwaka 1788, bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250.

Kupungua kwa lugha hizo hakukutokea kwa bahati mbaya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sheria na sera za serikali ziliruhusu watoto wa Kiaborijini kuondolewa kwa nguvu katika familia zao na kupelekwa katika taasisi au kwa walezi wengine, ambako wengi walikatazwa kusema lugha zao. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa iliyotolewa mwaka 1997 iliyaweka wazi mateso hayo, na tarehe 13 Februari, 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Kwa hiyo, darasa la watoto wadogo katika nchi hiyo lina historia nzito, kwani taasisi za malezi na elimu ndizo zilizotumika kuwatenga watoto na utamaduni wao. Hivi sasa zinatakiwa kuwarudishia.

Julai 2020, Serikali ya Australia, serikali za majimbo na umoja wa mashirika ya wenyeji asilia walifikia Mkataba wa Kitaifa wa Kuziba Pengo. Moja ya malengo yake lilikuwa kuhakikisha kuwa, ifikapo mwaka 2025, asilimia 95 ya watoto wa jamii hizo wameandikishwa katika elimu ya awali mwaka mmoja kabla ya kuanza shule. Kiwango hicho kilifikiwa mapema, kabla ya mwaka wa ukomo. Lengo jingine ni kwamba, ifikapo mwaka 2031, asilimia 55 ya watoto hao wawe wanaanza shule wakiwa na makuzi ya kuridhisha katika nyanja zote tano zinazopimwa. Mwaka 2021 kiwango kilikuwa asilimia 34.3.

Tofauti kati ya takwimu hizo inaeleza kiini cha suala hili. Watoto wameandikishwa, lakini kuandikishwa pekee hakutoshi. Kilicho muhimu ni kile wanachokikuta baada ya kuingia darasani. Mtoto anayekuta lugha ya bibi yake, mnyama wa nchi ya kwao na bendera ya watu wake juu ya meza ya kuchezea, anaambiwa bila maneno kuwa mahali hapo ni pake.

Aidha, jambo hili haliwahusu watoto wa jamii za wenyeji asilia peke yao. Mwongozo wa kitaifa wa kujifunza katika miaka ya awali, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitano, ulihuishwa mwaka 2022. Toleo hilo jipya limeuweka mtazamo wa Waaborijini na wa Wenyeji wa Visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres kuwa mojawapo ya kanuni zake nane. Kwa maana hiyo, kila kituo, hata kisicho na mtoto wa jamii hizo, kinatarajiwa kuyafundisha mambo hayo kwa uhakika na kwa heshima.

JINA LA MNYAMA NI LA LUGHA FULANI

Fumbo la kangaruu ni miongoni mwa yanayopendwa sana na watoto. Mkia mrefu, miguu mikubwa ya nyuma na mfuko wa tumboni anamokaa mtoto wake ni sehemu ambazo mtoto huzitambua upesi. Hata hivyo, jina lenyewe lina somo kubwa kuliko picha.

Mwaka 1770, meli ya nahodha James Cook iliharibika katika miamba ya matumbawe kaskazini-mashariki mwa Australia, na mabaharia wakakaa wiki kadhaa wakiitengeneza katika mto unaopita mahali ulipo mji wa Cooktown hivi sasa. Hapo walilisikia neno *gangurru* kutoka kwa watu wa Guugu Yimithirr, ambao huitumia kwa aina moja ya kangaruu wakubwa. Walowezi wa mwaka 1788 walikwenda na neno hilo hadi eneo la Sydney, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000, wakidhani kuwa ni neno la wenyeji wote. Wenyeji wa huko hawakulijua, kwa sababu walikuwa na lugha yao na majina yao. Kosa la kudhani kwamba Waaborijini wote ni watu wa lugha moja lina umri sawa na ukoloni wenyewe, na fumbo la vipande linaweza kulirudia au kulisahihisha.

Yapo majina mengine ambayo dunia huyatumia bila kujua asili yake. Koala, wombati na wallabi ni majina yaliyotokana na lugha ya Kidharug ya eneo la Sydney. Jina la ndege kookaburra limetokana na *guuguubarra* la lugha ya Kiwiradjuri, ambalo linafanana na kicheko cha ndege huyo mwenyewe. Quokka, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, amepata jina lake kutoka lugha ya Kinoongar ya kusini-magharibi. Mtengenezaji wa fumbo akiandika chini ya kila kipande jina la mnyama katika lugha ya eneo la shule, mtoto anapokiinua kipande hulikuta neno. Kitendo hicho kikirudiwa kila siku, neno hukaa kichwani.

Mafumbo ya wanyama hufundisha pia elimu ya viumbe. Ekidna, mwenye miiba mithili ya nungunungu, hutaga yai na bado hunyonyesha mtoto wake. Emu, ndege mrefu asiyeruka anayemkaribia mbuni kwa kimo, ana desturi ambayo watoto huifurahia: dume ndiye huatamia mayai, kwa takriban wiki nane, na ndiye huwalinda vifaranga. Fumbo la emu lenye kipande cha mayai chini ya baba humpa mwalimu nafasi ya kueleza malezi kwa lugha inayoeleweka na mtoto wa miaka minne.

MAJIRA SITA NA EMU WA ANGANI

Kalenda iliyoletwa na walowezi ilikuwa na majira manne, iliyokopwa kutoka hali ya hewa ya Ulaya. Wanoongar, ambao nchi yao inajumuisha jiji la Perth, huugawa mwaka katika majira sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba na Kambarang. Birak, kati ya Desemba na Januari, ni wakati wa joto na ukavu. Bunuru hufuata na kuwa na joto kali zaidi. Djeran huleta hewa ya ubaridi. Makuru, mwezi Juni na Julai, ni wakati wa baridi na mvua nyingi, ambapo batamaji weusi, waitwao *maali*, hujiandaa kuzaana. Djilba huchanganya mvua na siku za jua, na Kambarang huifunika nchi kwa maua.

Fumbo la duara lenye vipande sita, kila kimoja kikiwa na mnyama, mmea na hali ya hewa ya majira yake, humfundisha mtoto kuwa kalenda ni matokeo ya kuitazama nchi kwa makini kwa vizazi vingi. Humfundisha vilevile kuwa majira ya Perth si lazima yafanane na ya mahali pengine. Katika eneo la Kakadu, kaskazini mwa nchi, wenyeji nao wana majira sita, lakini ni majira mengine kabisa yanayofuata masika makubwa, ngurumo na ukavu wa ukanda wa tropiki. Shule ya Kakadu inayotumia fumbo la Perth itakuwa imewafundisha watoto kalenda isiyo yao.

Mfano mwingine uko angani. Jamii nyingi za Kiaborijini hutazama sehemu zenye giza katika Njia ya Maziwa na kuona humo umbo la emu. Kwa Wagamilaraay na Waeuahlayi wa kusini-mashariki, mwezi Aprili na Mei jioni emu huyo huonekana kama anayekimbia, nao ndio wakati emu wa ardhini hupandana. Mwezi Juni na Julai miguu yake haionekani tena, na umbo hilo huwa kama dume aliyeketi juu ya mayai. Kwa maarifa hayo, watu walijua wakati wa kutafuta mayai. Fumbo lenye vipande vya nyota na vya giza humwonesha mtoto jambo asilolitarajia, kwamba kuna watu waliosoma anga kwa kutazama giza lililo kati ya nyota.

KUTOKA MWAMBA WA UBIRR HADI MLANGO-BAHARI WA TORRES

Katika mwamba wa Ubirr, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kakadu, ipo michoro ya samaki ambao mifupa na viungo vyao vya ndani vinaonekana kana kwamba ngozi ni kioo. Mtindo huo ni wa Arnhem Land ya Magharibi na maeneo jirani. Samaki aina ya barramundi, aitwaye *namarnkol* kwa Kikunwinjku, huchorwa hivyo mara nyingi. Kwa mtoto, fumbo la tabaka mbili, yaani mifupa chini na umbo la nje juu, ni somo la utamaduni na la sayansi kwa pamoja.

Wenyeji wa Visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, vilivyo kati ya ncha ya Cape York na Papua New Guinea, ni watu wenye asili, lugha na desturi tofauti na za Waaborijini wa bara. Bendera yao, iliyobuniwa na Bernard Namok mwaka 1992, ina rangi za kijani, buluu na nyeusi, ikiwa na kilemba cha ngoma na nyota nyeupe yenye pembe tano. Fumbo linaloweka watu wa visiwani chini ya bendera ya Waaborijini, au linalomvisha mvuvi wa visiwani mapambo ya jangwani, limekosea tangu kwenye ubao.

Wanyama wa huko ni wa baharini. Nguva huitwa *dhangal* na kasa huitwa *waru* katika lugha ya visiwa vya magharibi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua kuwa wanyama hao si wageni kwake, kwani nguva wa Mlango-Bahari wa Torres ni wa spishi ileile inayopatikana kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ambako wamebaki wachache mno. Bahari ya visiwa vya Torres, yenye majani mengi ya baharini, inahifadhi idadi kubwa ya nguva kuliko eneo jingine lolote duniani. Hali hiyo inadhihirisha kuwa mtoto anayefundishwa jina la mnyama na chakula chake anaandaliwa pia kumlinda.

PICHA INA MWENYEWE

Pamoja na manufaa hayo, mafumbo yamekuwa pia njia ya kusambaza makosa. Kosa linaloonekana zaidi ni kumjaza kila mnyama nukta za rangi na kuuita mchoro huo wa Kiaborijini. Uchoraji wa nukta unaojulikana duniani ulikua kutokana na wasanii wa Jangwa la Magharibi, hususan katika makazi ya Papunya kuanzia mwaka 1971. Arnhem Land ina mistari myembamba inayokatana, na Kakadu ina michoro ya mifupa. Vivyo hivyo, bumerangi haikutumiwa na jamii zote, na tarumbeta ndefu ya mti ambayo Wayolngu huiita *yidaki* asili yake ni kaskazini.

Kosa la pili ni la kisheria na kimaadili. Mwaka 1994, Mahakama ya Shirikisho mjini Darwin iliamua kesi dhidi ya kampuni iliyoingiza nchini mazulia kutoka Vietnam yaliyonakili kazi za wasanii wa Kiaborijini bila ruhusa. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo ya msanii Banduk Marika wa Yirrkala, inayomhusu kenge aitwaye *djanda* na kisima kitakatifu cha ukoo wake. Msanii alikuwa ameruhusu picha hiyo kuchapishwa kwa ajili ya kuelimisha umma. Mtu mwingine akaigeuza kuwa zulia la kukanyagwa. Mahakama iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya dola 180,000 za Australia, na ikazingatia pia madhara ya kitamaduni waliyoyapata, kwa kuwa msanii huwajibika mbele ya ukoo wake kwa namna picha takatifu inavyotumika.

Kesi hiyo inawahusu moja kwa moja watengenezaji wa zana za watoto. Kwa mtu asiyejua, picha hiyo ni ya kenge tu, na kenge ni mnyama anayefaa kwa fumbo la watoto. Kwa wenyewe, ni hati ya ukoo na ya ardhi. Tatizo halijaisha. Ripoti ya Tume ya Tija ya Australia ya mwaka 2022 ilibaini kuwa, katika bidhaa za ukumbusho zenye michoro ya mtindo wa wenyeji asilia, zaidi ya nusu ya fedha za wanunuzi zilikwenda kwa bidhaa zisizotokana na wenyeji hao. Januari 2023, kupitia sera mpya ya utamaduni, Serikali ya nchi hiyo iliahidi kutunga sheria mahususi ya kulinda maarifa na sanaa za jamii hizo.

Hata bendera iliyotajwa mwanzoni mwa makala haya ilikuwa na mwenyewe kisheria. Mwaka 1997 mahakama ilimtambua Harold Thomas kuwa mmiliki wa hakimiliki ya ubunifu wake, na kwa miaka mingi matumizi ya kibiashara yalihitaji leseni. Januari 2022 Serikali ilitangaza kuinunua hakimiliki hiyo kwa zaidi ya dola milioni 20 za Australia, na tangu hapo bendera hutumiwa bila malipo.

NAMNA YA KULITUMIA FUMBO DARASANI

Mwalimu au mzazi anayetaka kulitumia fumbo la vipande kwa lengo hili anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, ajue fumbo limetoka kwa nani. Jina la msanii, jamii yake na eneo lake yaandikwe kwenye ubao au kwenye boksi. Fumbo lenye maneno "mtindo wa Kiaborijini" bila jina la mtu wala mahali halina budi kutiliwa shaka.

Pili, aanze na nchi ya mahali shule ilipo. Kabla ya wanyama wa jangwa la mbali, watoto wajue mnyama anayepita karibu na uzio wao anaitwaje katika lugha ya wenyeji wa hapo. Majina na matamshi yapatikane kutoka kwa wazee au kituo cha lugha cha eneo hilo, nao washirikishwe tangu hatua ya kubuni na walipwe kwa kazi yao.

Tatu, alinganishe fumbo na umri. Kwa kawaida mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hufaa kupewa vipande vichache vikubwa vyenye vishikio, kila kipande kikiwa mnyama mzima. Wa miaka mitatu na minne huweza kuunganisha mnyama mmoja aliyekatwa vipande kadhaa. Wa miaka mitano huweza kushughulikia mandhari nzima, mathalani mto pamoja na samaki, ndege na watu wake.

Nne, fumbo lisiwe mwisho wa somo. Likikamilika, watoto watoke nje kumtafuta ndege waliyemuunganisha, wasikie simulizi ambayo wenyewe wameruhusu isimuliwe kwa watoto, au waimbe jina lake.

Tano, ramani zitumiwe kwa uangalifu. Fumbo la ramani ya majimbo na maeneo makuu ya Australia lina vipande vinane. Ramani ya wenyeji asilia iliyotolewa mwaka 1996 na taasisi ya taifa ya taaluma za wenyeji hao, iliyopo Canberra, inaonesha makundi mamia kadhaa kwa rangi zinazokutana pasipo mstari mkali, na watayarishaji wake wametahadharisha kuwa mipaka hiyo ni ya kukadiria. Msumeno hauwezi kukata mpaka wa kukadiria. Kwa hiyo, mwalimu anayetumia fumbo la ramani hiyo awaeleze watoto kuwa ukingo wa kipande umewekwa kwa ajili ya mchezo, na kwamba majirani hao walikuwa na wana uhusiano unaovuka kingo hizo.

MIPAKA YA ZANA HII

Ni vema kutambua kuwa fumbo la vipande haliwezi kuokoa lugha peke yake. Lugha huishi kwa kusemwa, na mzee mmoja anayezungumza na watoto kila wiki hufanya kazi isiyoweza kufanywa na kabati zima la mafumbo. Kadhalika, kufundisha utamaduni kwa picha za wanyama peke yake kunaweza kuwafanya watoto waamini kuwa Waaborijini ni watu wa kale, ilhali hivi sasa miongoni mwao wapo walimu, madaktari, wabunge na walinzi wa hifadhi. Fumbo la mlinzi wa hifadhi aliyevaa sare, akifuatilia nyayo za wanyama kwa maarifa ya babu zake, linaweza kufundisha mengi kuliko fumbo la mtu aliyeshika mkuki.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto wanaokaa leo mbele ya vipande vya mbao ndio watakaokuwa walimu, wanunuzi, watunga sheria na majirani wa kesho. Wakizoea tangu utotoni kuuliza picha hii ni ya nani, imetoka wapi na inaitwaje kwa lugha ya wenyewe, hawatahitaji kesi ya mahakamani kuwafundisha kuwa kenge aliyechorwa na mtu ana ukoo nyuma yake. Ndiyo maana kila kituo kinapofungua boksi jipya la mafumbo, hatua ya kwanza ni kusoma jina lililoandikwa juu yake na kuwasomea watoto kwa sauti kabla ya kumwaga vipande mezani.